Maziwa Mbele ya Shimo

Jina la Baldemar liliposomwa, la nne katika orodha ya watu watano, Nereida hakupiga kelele kama wengine. Maziwa ndiyo yaliyomtoka. Yalibubujika kutoka matiti yote mawili kwa mkupuo mmoja, yakapenya blauzi yake ya kijivu na kuchora madoa mawili ya mviringo yaliyozidi kutanuka huku akiyatazama, mbele ya wanajeshi, mbele ya majirani, mbele ya yule mtu wa serikali aliyeshika karatasi. Mtu huyo alipoinua macho kumtafuta mke wa Baldemar Cepeda, aliyaona madoa kabla ya kuuona uso. Nereida alimbana mtoto kifuani ili kuyaficha. Mtoto akanusa, akafungua kinywa, akaanza kulia.

Ilikuwa Jumanne alasiri, mwezi wa Agosti, na jua la Coahuila, kaskazini mwa Mexico, lilikuwa limeufunika ule uwanja wa vumbi jeusi kama kifuniko juu ya sufuria. Asubuhi ya siku hiyo maji yalikuwa yamelivamia shimo namba mbili la makaa ya mawe, nje kidogo ya kijiji cha Los Mogotes. Wachimbaji waligonga ukuta wa mgodi wa kale uliojaa maji ya miaka mingi, mgodi ambao hakuna ramani iliyouonyesha, na ukuta ukapasuka. Wawili waliokuwa karibu na winchi ya kuteremshia watu walitoka wamelowa mpaka utosini, wakitetemeka kwenye jua kali. Watano hawakutoka.

Nereida alikuwa na siku thelathini na moja tangu ajifungue. Huku kwetu mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Hafui, hakanyagi sakafu ya baridi, wala hampeleki mtoto mbele ya macho ya watu. Mama mkwe wake, doña Eustolia, alikuwa amezilinda siku hizo kwa ukali kama mtu anayelinda moto kwenye upepo: supu ya kuku asubuhi, supu ya kuku jioni, dirisha limefungwa, kichwa kimefungwa. Na Nereida hakulalamika, kwa kuwa chumba kile cha nyuma ndicho mahali pekee duniani alipoweza kunyonyesha. Wageni walipofika sebuleni, yeye aliingia ndani na kusukuma komeo. Hata wifi yake hakuwahi kumwona akifungua kifungo.

Haya hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu kifua chake kilikua ghafla, kabla ya yeye mwenyewe kukua, na wanaume waliokaa kwenye benchi za uwanja wa kanisa wakaanza kumwita kwa majina ya matunda. Mama yake alimfunga kitambaa kipana kifuani, akakikaza mpaka pumzi ikawa fupi, akamwambia atembee amejikunja kidogo. Akajifunza. Mpaka alipoolewa, miaka minane baadaye, mabega yake yalikuwa bado yanatazama chini. Ni Baldemar tu aliyewahi kuyacheka mabega yale bila kumuumiza. "Nyoosha mgongo, mke wangu," alikuwa akimwambia jikoni. "Aliye chini ya ardhi ni mimi. Wewe mbona umeinama?"

Sasa mtoto alikuwa analia, na hapakuwa na chumba cha nyuma.

Wanajeshi walikuwa wamefunga kamba ya manjano hatua themanini kutoka mdomo wa shimo, na familia ziliruhusiwa kukaa nyuma yake tu. Kila baada ya saa moja au mbili injinia wa uokoaji, mtu mwembamba aitwaye Treviño, alikuja mpaka kwenye kamba, akasema lililopo mara moja tu kwa sauti ndogo, kisha akarudi kwenye pampu zake. Aliyekosekana wakati huo alibaki kuokoteza habari midomoni mwa watu, na hizo habari za kuokoteza zilikuwa zimeshawaua na kuwafufua wale watano mara kadhaa kabla jua halijatua.

Kwa hiyo Nereida aliogopa kwenda mbali. Alijaribu kwanza ndani ya pikapu ya shemeji yake, iliyoegeshwa hatua chache tu nyuma ya watu. Viti vilikuwa vinaunguza. Alipandisha vioo ili asionekane, na kabla mtoto hajameza mara tatu uso wake ukawa mwekundu kama pilipili, jasho likimtiririka kwenye nywele. Akatoka naye mbio. Alijaribu kwenye choo cha plastiki kilicholetwa kwa lori, amesimama, mgongo umeegemea mlango, pua imezibwa kwa bega. Alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akatoka kwenda kutapika. Alijaribu hatimaye kujifunika shuka la mtoto, kichwa cha mwanawe Yaretzi kikiwa chini yake. Yaretzi alipigana na shuka lile kwa mikono na miguu, akaliachia titi, akalia kilio cha hasira ambacho Nereida hakuwahi kukisikia kutoka kwake, na watu wote waliokuwa wakijaribu kusikiliza pampu waligeuka.

"Usimpe," alisema doña Eustolia, akimshika mkono. Macho ya mama huyo yalikuwa makavu tangu asubuhi. "Usimpe hayo maziwa, mwanangu."

"Ana njaa, mama."

"Hayo si maziwa tena. Umeshtuka. Maziwa ya aliyeshtuka ni sumu, yanamwingia mtoto kwenye damu. Dada yangu alimzika mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Nimeshampoteza…" Akalikata neno lile kwa meno. "Sitampoteza na mtoto wake. Kule kwenye meza ya misaada kuna maziwa ya kopo."

Nereida hakubishana. Ukweli ni kwamba alipata nafuu, na nafuu ile aliionea haya baadaye kuliko jambo jingine lolote la siku zile. Maziwa ya kopo yalikuwa na chupa, na chupa unaweza kuishika mbele ya jeshi zima.

Yaretzi aliyatapika. Walimpa tena, akayatapika tena. Kulipopambazuka Jumatano tumbo lake lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma, na matiti ya Nereida yalikuwa magumu zaidi, yanang'aa, yana joto, na baridi ilikuwa inampanda mgongoni katikati ya joto lile. Alijificha nyuma ya tangi la maji akajaribu kumnyonyesha. Hakikutoka kitu. Mtoto alivuta, akavuta, akaachia, akamtazama mama yake kwa mshangao, kisha akalia bila nguvu. Sauti ilikuwa imeanza kupungua, na kupungua kwake ndiko kulikomtisha.

Saa nane mchana alimpeleka kwenye hema la huduma ya kwanza. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, alimfungua nepi, akaipapasa kwa vidole, akamvuta mtoto ngozi ya tumbo.

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

"Alfajiri. Kidogo."

"Mnyonyeshe."

"Hayatoki."

"Yapo. Hilo titi limejaa kama jiwe. Yamefungwa na hofu, basi. Ukitulia yatatoka."

"Nitulie," alisema Nereida, na macho yake yakaenda kwenye shimo.

Muuguzi aliona haya kwa neno lake mwenyewe. Akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Sasa ni saa nane. Nikija saa kumi na moja nikakuta nepi ni kavu, nitampakia kwenye gari la wagonjwa aende hospitali ya mjini atundikiwe maji. Na wewe utakwenda naye. Ni mwendo wa saa mbili."

"Siwezi kuondoka hapa."

"Najua."

"Wakimtoa na mimi sipo?"

Muuguzi alianza kumfunga mtoto nepi. Nereida akauliza jambo jingine, haraka, kama anayelitoa jiwe kinywani. "Na sumu? Wanasema nimeshtuka, maziwa yamekuwa sumu."

"Maziwa hayajui habari, mwanangu. Yanajua njaa tu."

Alirudi kwenye kamba na kukaa chini kwenye vumbi, pembeni mwa Amparo. Amparo alikuwa mke wa Hilario, wa pili katika orodha, mama wa watoto wanne, mwenye ulimi ambao kijiji kizima kiliuogopa na kuufuata. Tangu jana alikuwa amekaa pale pale amekunja mikono, akigawa tortila, chapati nyembamba za ngano, na maharage kwa yeyote aliyesahau kula, yeye mwenyewe hali.

"Mpe hapa hapa," alisema Amparo alipoelezwa. "Nani ana wazimu wa kukutazama leo?"

Nereida alifungua vifungo viwili. Mtoto aligusa chuchu, akaikamata. Na hapo akasikia mlio mdogo mkavu, mara tatu mfululizo. Mwanamume mwenye kamera ndefu alikuwa amepiga goti upande wa pili wa kamba. Nereida alijivuta nyuma kwa nguvu, chuchu ikachomoka kinywani mwa mtoto, damu ikatokeza.

"Wewe!" Amparo alikuwa ameshasimama. "Mama yako alikunywesha nini, petroli?"

"Samahani, mama, ni picha ya… ni picha ya matumaini."

"Matumaini! Ifute mbele yangu. Ifute niione ikifutika, ama hiyo kamera utakwenda kuitafuta na wapiga mbizi."

Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili, kicheko cha kwanza mahali pale tangu jana, nacho kikazimika mara moja kwa aibu. Mpiga picha alifuta, akaonyesha kioo cha kamera, akaondoka bila kuaga.

Amparo aliita wanawake. Walikuja watano na mablanketi waliyogawiwa kwa ajili ya kulalia, wakasimama duara, wakayanyanyua na kumzungushia Nereida ukuta. Walifanya kwa upendo. Mmoja alikuwa anasali. Ndani ya duara kulikuwa na giza la kahawia na harufu ya sufu na jasho, na mngurumo wa pampu ulisikika kana kwamba unatoka kila upande. Nereida alijaribu kupumua. Akamweka mtoto. Akasubiri. Hewa ilikuwa nzito na haikutosha, na akaanza kufikiri, bila kutaka, kwamba hivi ndivyo ilivyo kule. Kwamba hivi ndivyo alivyokaa Baldemar sasa hivi, magoti yamekunjwa, gizani, akisikia mashine juu yake na asijue ziko mbali kiasi gani. Titi halikutoa hata tone. Mtoto alifumba macho, na hayakuwa macho ya usingizi.

"Ondoeni," alisema.

Hawakumsikia. Akapiga kelele, yeye ambaye hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikivuka ua wa nyumba: "Ondoeni! Nataka kuliona shimo!"

Mablanketi yalishuka. Mwanga ulimpiga usoni.

"Watakuona," alisema Amparo.

"Waone."

Alitembea mpaka kwenye kamba yenyewe, kwenye nguzo ya mwisho, pale ambapo hakuna kitu kilichokuwa kati yake na mdomo wa shimo ila vumbi na mipira ya pampu. Amparo alileta kreti ya soda akaipindua. Nereida akakaa, mgongo ukiegemea nguzo. Amparo akatafuta jiwe la kuwekea miguu yake, akakunja jaketi na kulisukuma chini ya kiwiko, kisha akatoa kitambaa kilichofunika tortila, bado cha moto, akakikandamiza juu ya titi.

Sajenti mmoja mwenye masharubu ya mvi, aliyekuwa zamu upande ule, aliona kinachoendelea. Akasogea hatua mbili, akasimama mbele ya Nereida akimpa mgongo, miguu imepanuka, ili amkinge.

"Afande," alisema Nereida, "unanizibia."

Sajenti aligeuka nusu, akaelewa, akaenda kusimama pembeni.

Nereida alifungua vifungo vyote. Hakuvifungua kwa ujasiri. Alivifungua kama mtu anayevua viatu ili avuke mto. Upepo mdogo wa makaa ulimgusa ngozi. Kulikuwa na wanajeshi, waandishi, wanaume wa kijiji chake aliowaamkia kila Jumapili, na pengine wapo hata waliowahi kukaa kwenye zile benchi. Alijua kwamba wapo na hakuwa na nafasi ya kuwabeba.

"Shusha mabega," alisema Amparo nyuma yake, akimkanda kwa gumba pande zote mbili za uti wa mgongo. "Hujabeba gunia. Usimwinamie. Mlete yeye kwako. Hivyo. Tumbo lake kwenye tumbo lako."

"Hayaji."

"Yaache. Niambie kitu. Baldemar anakula nini akitoka kazini?"

"Mayai. Mayai na nyama kavu."

"Hilario anakula kila kitu halafu anakoroma. Leo hii angekoroma kama anavyokoroma nyumbani, wangeshamsikia, wangejua pa kuchimba." Gumba lake lilisita kidogo, kisha likaendelea. "Na mtoto anamshika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Anasema wa kulia umezoea sululu, utamkwaruza."

Macho ya Nereida yalikuwa kwenye winchi. Kamba ya chuma ilishuka ndani ya ardhi, imenyooka, inatetemeka kidogo. Akaifuata kwa mawazo mpaka isipoonekana, na hakuzuia mawazo yasiende. Jana nzima na leo nzima alikuwa amejikunja dhidi ya kitu hicho kimoja. Sasa akakiacha kije. Machozi yalitoka bila sauti, yakapita kidevuni, na nyuma yake, kana kwamba njia ni ile ile moja, kitu kilichoma kifuani mwake kama sindano nyingi kwa pamoja.

Yaretzi alimeza. Akasita. Akameza tena. Maziwa yalimjaa kinywani mpaka yakamwagika shavuni, akakohoa, akarudi kwa pupa, mkono wake mdogo ukifumba na kufumbua juu ya ngozi ya mama. Maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba Nereida aliuma mdomo. Lakini hakusogea.

Kivuli kiliwaangukia. Doña Eustolia alikuwa amesimama kando yao. Alimtazama mkwewe akiwa wazi kifuani mbele ya dunia nzima, akayatazama yale maziwa aliyoyaita sumu yakichuruzika kwenye shingo ya mjukuu wake. Midomo yake ilicheza. Kisha akavua kofia yake ya majani, akainama, akaishika juu ya kichwa cha mtoto ili jua lisimpige machoni. Hakumfunika Nereida. Alisimama hivyo, mkono umenyooka, kichwa chake cha mvi kikiwa wazi kwenye jua lile, na Nereida alipotaka kumwambia akae chini, mama huyo alitikisa kichwa.

Saa kumi na moja kasoro muuguzi alikuja. Alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye nepi bila kumtoa mtoto kwenye titi.

"Imelowa," alisema. Akaipapasa mara ya pili, kama asiyeamini mkono wake. "Imelowa chapachapa." Akajiinua kwa kushika bega la doña Eustolia, akaondoka haraka bila kugeuka nyuma.

Hawakupata hata nafasi ya kufurahi. Injinia Treviño alikuwa anakuja kutoka upande wa pampu, na safari hii alikuja polepole, akiwa amebeba kofia yake ngumu mkononi. Watu walisogea. Alianza kutafuta nyuso za familia moja moja, na uso wa kwanza aliokutana nao ulikuwa wa Nereida. Akaona. Akateremsha macho haraka kwenye karatasi zake, ambazo hazikuwa na chochote kilichoandikwa upande ule.

"Nitarudi, mama," alisema. "Ukishamaliza."

"Huyu hamalizi leo, injinia. Sema."

"Labda kwanza ujifunike, tuzungumze…"

"Mtoto ananyonya. Masikio yangu hayanyonyi. Sema."

Amparo alimshika Nereida bega. Treviño alizikunja zile karatasi.

"Mchana tuliteremsha kamera kwa kamba. Maji yamejaa mpaka darini. Pale ilipofika hakuna nafasi ya hewa. Pampu hazitasimama, nawaahidi, lakini wapiga mbizi siwezi kuwaingiza, na ni haki yenu kujua kwamba…"

Mwanamke mmoja nyuma aliangua kilio. Doña Eustolia hakuushusha mkono ulioshika kofia.

"Ilifika wapi?" aliuliza Nereida.

"Nini?"

"Kamera. Ilifika wapi?"

"Mpaka njia panda ya kwanza."

"Baldemar yuko njia ya kushoto. Yeye na Hilario. Kule inakopanda, maji yasikofika upesi. Kila siku analalamika kwamba anasukuma toroli kupanda mlima ndani ya ardhi."

"Najua inapanda, mama. Kidogo."

"Kamera imepanda huko?"

Injinia alimtazama. Hakutazama pembeni tena. Alimtazama yote jinsi alivyokuwa, uso uliochafuka machozi na vumbi jeusi, titi, mtoto.

"Haijapanda," alisema. "Kifusi kimeziba. Haikupita."

"Kwa hiyo hujui."

Pampu zilinguruma. Mahali fulani redio ya mwanajeshi ilikoroma na kunyamaza.

"Sijui," alisema Treviño.

Yaretzi alikuwa ameliachia titi, kinywa wazi, tone jeupe kwenye pembe ya mdomo. Nereida alimnyanyua begani, akampapasa mgongo mpaka akabeua, kisha akamhamishia upande wa pili, taratibu, akimtafutia kiwiko mahali pa kukaa. Alisubiri mpaka alipohisi ameshika.

"Nichoree hizo njia," alisema.

Injinia alichuchumaa. Akaweka kofia yake ngumu chini, akasawazisha vumbi jeusi kwa kiganja, na watu wakainama kumzunguka, Amparo, sajenti, doña Eustolia na kivuli cha kofia yake.

"Anzia hapa tulipo," alisema Nereida.